Ukurasa wa Toleka

Ukitaka kumpima fundi wa vitabu vya kusomea, usidai kitabu kizima. Dai ukurasa mmoja, tena ule wa mwanzoni, wa mtoto anayeanza kujua kwamba alama zilizochapwa zina sauti. Hapo hana pa kujificha: hana hadithi ndefu, hana msamiati wa kutamba nao, hana hata nafasi ya kueleza alichokusudia. Chukua mfano huu, uliotungwa kwa kanuni za ufundi huo, kwa ajili ya darasa la kwanza Kisangani:

Mama ataka toleka. Aita. Aita. Toleka imetoka! Mama aketi. Toleka ikatokea.

Kwa mtu mzima hapo hakuna kitu. Lakini hesabu herufi. Ni nane tu: a, e, i, o, k, l, m, t. Kwa herufi hizo nane tumepata mtu mwenye haja yake, tumepata kikwazo, tumepata kungoja, na mwisho haja imetimia. Hakuna silabi hata moja yenye konsonanti mbili. Kila konsonanti imeshikana na irabu yake, to-le-ka, i-me-to-ka. Na usafiri wenyewe haukuletwa kutoka kitabu cha nchi nyingine. Toleka ni baisikeli ya abiria, yenye kiti kilichofungwa nyuma ya dereva, na mtoto wa Makiso au Mangobo ameijua kabla hajajua kitabu ni nini. Jiji limempa fundi neno lenye silabi tatu safi na irabu tatu tofauti. Mwenye jicho huliokota mara moja, kama alivyookota lituma, kile chakula cha ndizi za kutwanga, na Makiso yenyewe, na Boyoma, jina la maporomoko ambalo wenyeji huliita pia jiji lao. Asiye na jicho huandika "ndege", kwa sababu vitabu vyote vina ndege, kisha anashangaa kwa nini darasa zima limekwama kwenye nd.

Hata hivyo fundi mwenyewe hataridhika na ukurasa huo. Atausoma kwa sauti, na atasimama kwenye "ataka". Nani Kisangani anasema "ataka"? Watu wanasema "anataka". Herufi n imekwepwa hapo kwa makusudi, ili gharama ya kuikwepa ionekane: sentensi imekuwa rahisi kwa jicho na ngeni kwa sikio. Mtoto ataitamka vizuri kisha atamtazama mwalimu, maana aliyotamka hayafanani na kauli ya mtu yeyote anayemjua. Kwa hiyo n lazima ipande juu kwenye orodha, iwe miongoni mwa herufi tano au sita za kwanza, kwa kuwa imo ndani ya "na", ndani ya "ni", na katikati ya karibu kila kitenzi cha wakati uliopo. "Ikatokea" nayo inaondoka kwa sababu hiyo hiyo. Mtoto wa umri huo hasimulii hivyo. Ukurasa unarudi mezani: Mama anataka toleka. Anaita. Anaita. Toleka imetoka! Mama anaketi. Toleka inatokea. Herufi zimekuwa tisa. Kuna atakayependekeza "anakaa" badala ya "anaketi", na pendekezo si baya, ila a mbili zilizofuatana humezwa na msomaji mchanga, akasoma "anaka". Hilo litangoja ukurasa wake.

Nimeanzia huku chini, kwenye herufi, kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu mitaala huanzia juu na hayafiki huku. Juu mambo yako sawa. Katiba ya Kongo ya 2006 imekitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 imezipa lugha za taifa na lugha za mazingira nafasi ya kufundishia katika miaka ya mwanzo. Mwaka 2019 ada ya shule za msingi za umma ilifutwa, na madarasa yakafurika. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloeleza herufi gani itangulie, wala mtoto wa Lubunga, ng'ambo ya mto, afundishwe kusoma kwa Kiswahili au kwa Kilingala. Kisangani ndipo lugha hizo mbili zilipokutana: Kiswahili kilishuka kutoka mashariki na misafara ya biashara ya enzi za Tippu Tip, Kilingala kikapanda mto pamoja na meli na askari wa dola ya kikoloni. Bado hazijaachana. Mtoto anaweza kuzungumza moja nyumbani, nyingine barabarani, akasikia Kilokele au Kitopoke kwa bibi yake, kisha darasani akakuta Kifaransa kinamngoja. Akifika sekondari atakutana na Kiingereza.

Ufundi wenyewe si mgeni katika eneo hili. Yakusu, mwendo mfupi kushuka mto kutoka mjini, wamisionari wa Kibaptisti walifungua kituo mwishoni mwa karne ya 19, na huko Kilokele kikapata vitabu vyake vya kuanzia kusoma. Mmoja wao, Walter Henry Stapleton, alichapisha mwaka 1903 kitabu cha kulinganisha lugha za Kongo, na ni wazi kwamba kazi ya namna hiyo ilianza na swali lile lile la mezani: sauti hii tuiandikeje? Mwaka 1974 wanaisimu wa Zaire walikutana Lubumbashi, na miongoni mwa yaliyowashughulisha ilikuwa tahajia ya lugha za nchi. Jimbo lenyewe ni ukumbusho wa mjadala huo. Linaandikwa Tshopo, kwa desturi ya Wabelgiji, herufi tatu kwa sauti moja ambayo Kiswahili kinaiandika ch. Mtoto wa darasa la kwanza wa komuni ya Tshopo hawezi kusoma jina la mahali anapoishi, na fundi mwenye busara hamlazimishi.

Sasa njoo kwenye tatizo linalompa fundi wa Kisangani kazi ambayo mwenzake wa Dodoma hana. Kiswahili cha Kongo husema mutoto, mutu, mukate. Vitabu vya Kiswahili sanifu vinaandika mtoto, mtu, mkate. Kwa msomaji anayeanza, tofauti hiyo si ndogo. Mu-to-to ni silabi tatu zilizo wazi, kila moja imeshafundishwa. Mtoto inaanza na m iliyosimama peke yake bila irabu, jambo ambalo mtoto bado hajaambiwa kwamba linawezekana. Kwa hiyo umbo ambalo wasahihishaji hulipigia mstari mwekundu ndilo rahisi kusoma, na ndilo linalosemwa nyumbani. Pamoja nalo kuna batoto dhidi ya watoto, mayi dhidi ya maji. Nico Nassenstein, mwanaisimu Mjerumani, alikiandikia Kiswahili cha Kisangani kitabu kizima mwaka 2015, akionyesha jinsi wasemaji wa jiji wanavyochagua na kubadilisha kauli kufuatana na mahali na mtu. Mwandishi wa kitabu cha kusomea hana anasa hiyo, akishachapa, amechagua.

Nimeona njia mbili za kulikabili jambo hili. Wako wanaolazimisha sanifu tangu siku ya kwanza, na matokeo yake ni kwamba mtoto anajifunza mambo mawili mara moja, kusoma na lahaja mpya, huku mwalimu akidhani anafundisha moja. Njia ya pili ndiyo ninayoivulia kofia. Fundi anapitia msamiati wake neno kwa neno na kwa muhula wa kwanza anabakiza yale tu ambayo barabara na kitabu vinakubaliana: mama, toleka, samaki, kuku, meza, kiti, soma, lala, lima. Samaki peke yake, katika mji wa wavuvi wa Wagenia, analisha kurasa nyingi. Muhula wa pili anafungua mlango waziwazi, na kwenye mwongozo wa mwalimu anaandika kwamba sisi tunasema mutoto, kitabu kinaandika mtoto, na wote wawili ni yule yule. Mimi ningeenda mbali zaidi, ningechapa mutoto kwa mwaka mzima wa kwanza bila kuomba radhi. Lakini mimi siketi kwenye kamati inayoidhinisha vitabu.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vilivyoigwa kutoka Ulaya haviwezi kulifanya, nalo ni kufundisha jicho kuingia katikati ya kitenzi. Katika Kifaransa cha mwanzo, neno linalobadilisha maana husimama nje, peke yake. Katika Kiswahili limo ndani. Fundi anaandika maneno matatu kwa safu, moja chini ya jingine:

analima
alilima
atalima

Mwanzo ni ule ule, mwisho ni ule ule. Kilichobadilika ni silabi ya pili tu, na msomaji anayekisia kwa kuangalia herufi ya kwanza atayasoma yote matatu sawasawa. Safu hiyo ndogo inamzuia. Tena tazama herufi: ukiongeza n kwenye zile nane za mwanzo, unaweza kuiandika safu yote bila herufi mpya. Kitabu kizuri kimejaa mahesabu ya aina hiyo ambayo hayaonekani na hayapaswi kuonekana. Ni sawa na mshono wa ndani wa kanzu: mvaaji hajui upo mpaka siku utakapofumuka.

Urefu wa maneno nao una hila zake. Wapimaji wa kimataifa wanapenda kuhesabu maneno ambayo mtoto anasoma kwa dakika moja. Kwa Kiingereza hesabu hiyo ina maana fulani. Kwa Kiswahili, "tutawapikia" ni neno moja. Kenya, ambako mpango wa Tusome ulianza mwaka 2015 kuwapa watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu kitabu cha Kiingereza na cha Kiswahili kila mmoja, walielewa hilo, wakaweka kigezo cha ufasaha kuwa maneno 65 kwa dakika kwa Kiingereza na 45 kwa Kiswahili. Anayechukua kigezo cha lugha moja na kukipachika kwa nyingine atawahukumu watoto wasio na kosa. Fundi wa ukurasa analijua hili bila saa: anahesabu silabi, na sentensi ikizidi silabi kumi na mbili anaikata, au anaivunja mstari mahali ambapo msemaji angevuta pumzi, si mahali ambapo karatasi imeisha.

Twende sasa kwenye Kifaransa, maana ndiko mzigo wenyewe ulipo. Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer waliandika kwamba kusoma ni zao la vitu viwili, kutambua maandishi na kuelewa lugha, na walisema zao kwa maana ya kuzidisha, si ya kujumlisha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Ukitaka kuona hesabu hiyo ikitembea, ingia darasa lolote ambamo mtoto anasoma aya ya Kifaransa kwa sauti kali, bila kukwaa, na kila mtu anafurahi, kisha muulize nini kimetokea katika aya. Sauti imefika, lugha haikuwapo. Wengi wakiona hivyo humlaumu mtoto, au mwalimu. Mimi huuliza ukurasa huo ulifuata nini.

Fundi wa ukurasa wa mpito anaanza kwa kugawa herufi katika mafungu. La kwanza ni la zile ambazo Kiswahili na Kifaransa vinakubaliana: a, i, o, b, d, f, l, m, n, p, s, t, v, z. Fungu la pili ni la wasaliti, herufi ambazo mtoto anazijua vizuri na ghafla zinageuka: u, ambayo Kifaransa kinaitamka kwa midomo iliyobanwa, huku sauti aliyoizoea mtoto ikiandikwa ou, ch, ambayo inakuwa sh, j, na e, ambayo mara husikika, mara hunyamaza. Fungu la tatu ni la herufi zinazoandikwa na hazisemwi. Vitabu vingi humwaga mafungu yote matatu kwenye somo la kwanza, kwa sababu mwandishi ameanza na alichotaka kusema. Fundi anaanza na kilichopo mkononi mwa mtoto. Tazama:

Papa a lavé la moto. La moto a démarré.

Baba ameosha pikipiki, pikipiki imewaka. Hicho ni Kifaransa kamili, cha watu wazima, na ndani yake hakuna herufi iliyonyamaza, hakuna u, hakuna sauti ya puani. Vitu vipya ni viwili tu: é, ambayo ni e ya Kiswahili iliyovaa alama, na rr, ambayo husomwa kama r moja, ya kooni. Mtoto aliyeanzia ukurasa wa toleka, akishafundishwa d, p, r na v, anaweza kuusoma huu siku hiyo hiyo. Kupata sentensi mbili za namna hiyo katika Kifaransa, tena zinazofuatana kwa maana, si mchezo. Jaribu kuongeza ya tatu. "Mado a salé la tomate" inakuja mara moja kichwani, na mara moja inakukamata: ile e ya mwisho haisomwi, na mtoto ataisoma tomaté. Basi tomate inawekwa kando, ingoje ukurasa wake pamoja na salade, malade na limonade, ili kunyamaza kwa e kuonekane ni kanuni na si kisirani cha neno moja. Nao ukurasa wa u na ou utakuwa na baisikeli tena, maana gurudumu ni roue na barabara ni rue, na Kisangani baisikeli haiachani na barabara. Lakini mwalimu hatafungua kitabu siku hiyo mpaka darasa limecheza na sauti hizo kwa masikio tu, maana wengi wanaanza kwa kusema "ri" pale panapotakiwa rue, na jicho haliwezi kutofautisha kile ambacho sikio halijatofautisha.

Msomaji makini ameshaona mtego uliomo katika ukurasa huo. Moto! Kwa Kiswahili ni ule wa jikoni. Kwa Kilingala, kwa maandishi ya kawaida yasiyoweka alama za toni, unaweza kuwa huo wa jikoni au ukawa mtu. Kwa Kifaransa ni pikipiki. Kisangani neno hilo la herufi nne linaishi maisha yote hayo. Mhariri mwoga analifuta. Fundi analibakiza, kwa sababu mtoto atakutana nalo ukutani na gerejini, ila halitumi peke yake: analipa picha, na analipa "a démarré", kwa kuwa moto wa jikoni hauoshwi na mtu hapigwi stata.

Hiyo ni mbinu ya zamani ya mto huu. John Carrington, mmisionari na mwanabotania aliyefanya kazi Yakusu na baadaye kufundisha katika chuo kikuu cha Kisangani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1949 jinsi ngoma za Walokele zinavyosema. Kilokele kina toni mbili, na ngoma inabeba toni tu, haina konsonanti wala irabu. Neno la "mwezi" na neno la "kuku" yakipigwa peke yake yanasikika sawa. Kwa hiyo mpigaji hatumi neno peke yake kamwe. Mwezi unafuatana na maneno yasemayo kwamba unaitazama dunia kutoka juu, na kuku anafuatana na mlio wake na udogo wake. Anayesikiliza katika kijiji cha mbali anapata ziada ya kutosha kukata shaka. Mtu anayesoma lugha asiyoimudu yuko katika hali ya msikilizaji huyo: anapata sehemu tu ya ujumbe. Ndiyo maana mimi siamini sana wanaodhani kurahisisha ni kufupisha. Sentensi ya maneno matatu inaweza kuwa ngumu kuliko ya saba, ikiwa yale manne yaliyokatwa ndiyo yaliyokuwa yanaondoa shaka.

Kuhusu sikio kutangulia jicho, eneo hili lina kumbukumbu ya karibu. Kati ya 2009 na 2014 mradi wa PAQUED, uliotekelezwa na shirika la EDC kwa fedha za USAID, ulitumia masomo ya redio katika majimbo ya zamani ya Orientale, Équateur na Bandundu. Redio inauliza, darasa linajibu, redio inaendelea. Wakenya walikuwa wameshafanya kitu hicho kwa Kiingereza kati ya 1980 na 1985, vipindi vya nusu saa kwa madarasa matatu ya mwanzo. Ninachokistahi katika kazi ya waandishi wa redio ni ukimya wanaouandika. Katika hati ya kipindi, baada ya swali, mwandishi anaweka nafasi tupu yenye sekunde zake. Akiweka chache, watoto wa nyuma hawajafumbua kinywa na jibu limeshatolewa. Akiweka nyingi, darasa limeanza kupiga soga. Na ukimya wa swali la kurudia neno si ukimya wa swali la kufikiri. Mtu aliyepima hivyo kwa miezi kadhaa akihamia kwenye kuandika vitabu, utamjua: kurasa zake zina mahali pa kupumua.

Kiingereza, kinapofika sekondari, kinamkuta mwanafunzi amebadilishiwa thamani ya herufi mara moja tayari, na sasa inabadilika tena. Ni tahajia yenye vurugu kuliko zote tatu. Philip Seymour na wenzake walilinganisha mwaka 2003 watoto wa lugha 13 za Ulaya mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa kusoma: waliosoma Kifini walipatia karibu kila neno la kawaida, waliosoma Kifaransa asilimia 79, watoto wa Scotland waliosoma Kiingereza asilimia 34. Nao walikuwa wanasoma lugha ya mama zao. Basi anayemwandikia mwanafunzi wa Kisangani kitabu cha Kiingereza inabidi awe bahili wa maneno kuliko mwingine yeyote, na ubahili huo una baba yake. Michael West, Mwingereza aliyefundisha Dacca miaka ya 1920, aliona kwamba vitabu vilivyokuwapo vilimrundikia mwanafunzi maneno mapya mistari michache kwa mistari michache, mapya juu ya mapya. Akaanza kuyatawanya. Neno la nadra akalibadilisha kwa la kawaida, neno jipya likija akalirudisha tena na tena kabla ya kuleta jingine. Orodha yake ya mwaka 1953, yenye maneno kama 2,000, bado inatumika. Utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000 ulikuja kuonyesha kwamba msomaji asiye na msaada anahitaji kujua maneno kama 98 kati ya kila 100 ili aelewe hadithi. Ukifungua kitabu cha kawaida cha Kiingereza cha sekondari, popote Afrika ya Kati, hesabu mwenyewe.

Tanzania, ambako mwanafunzi anaingia kidato cha kwanza na kukuta karibu masomo yote kwa Kiingereza, Chuo Kikuu cha Dodoma kilishirikiana na vyuo vikuu vya Bristol na Aga Khan kutunga vitabu vya mfano vya Kiingereza, Hisabati na Biolojia. Sentensi zilifupishwa pale palipofaa, msamiati mgumu ukapewa Kiswahili chake pale pale, na wanafunzi wakapewa ruhusa ya kujadili kwa Kiswahili kabla ya kuandika kwa Kiingereza. Ruhusa hiyo inaonekana ndogo. Kwa mtunzi wa maswali ndiyo kila kitu.

Maana baada ya ukurasa huja maswali, na hapo ndipo kazi nzuri nyingi huharibika. Rudi kwa baba na pikipiki yake. Swali la kawaida litakuwa: Qui a lavé la moto? Mwanafunzi anatafuta mahali palipo na "a lavé la moto", ananakili neno lililotangulia, anaandika Papa, anapata alama. Hajui lavé ni nini. Fundi analiacha swali hilo liwe la kwanza, kumpa mtoto moyo, kisha kwenye mwongozo wa mwalimu anaongeza mawili yasiyonakilika. Kabla baba hajaanza kazi, pikipiki ilikuwaje? Unafikiri baba anakwenda wapi? Na chini yake, kwa herufi ndogo, anaandika agizo ambalo wakaguzi wengine hulikata na yeye hulirudisha katika kila rasimu: mtoto ajibu kwa lugha yoyote anayoweza, mwalimu asikilize jibu kwanza, kisha wote wawili watafute Kifaransa chake.